Kichwa kinachokuja kwa saa: maswali ninayoulizwa kuhusu klasta

Mimi ni fundi seremala, naishi Makorora, Tanga. Kichwa hiki kilinianza nikiwa na miaka 29, na ilinichukua miaka sita kulijua jina lake. Tangu nilijue, simu haziishi: mke wa mvuvi wa Sahare, dereva wa lori la saruji, kijana wa chuo, shemeji wa jirani. Maswali yao yanafanana, nikaona niyajibu yote hapa. Mimi si daktari. Dozi nilizozitaja ni za kwenda kuzungumza na daktari wako, si za kwenda nazo duka la dawa.

Klasta ni ugonjwa gani?

Ni maumivu ya kichwa yanayoshika upande mmoja tu, ndani na nyuma ya jicho, yakapanda kwenye paji na kwenye panja. Bila dawa, shambulio moja hudumu kati ya dakika 15 na saa tatu. Linaweza kuja mara moja kila baada ya siku mbili, na linaweza kuja mara nane kwa siku. Jicho la upande huo linakuwa jekundu na kuchuruzika machozi, kope inavimba au inalegea, pua ya upande ule ule inaziba au inatiririka, na wengine hutokwa jasho nusu ya paji. Kisha maumivu yanazimika ghafla, na mtu anabaki mzima, amechoka tu.

Yanaitwa klasta kwa sababu huja kwa mafungu, kama ndizi zinavyokaa kwa vichane mkunguni. Wiki mbili, mwezi, hata miezi mitatu yanakuja kila siku, halafu kimya cha miezi au miaka. Kipindi hicho cha maumivu ndicho tunachokiita msimu. Wachache, kama mmoja katika kila kumi au zaidi kidogo, hawapati kimya hicho, au wanakipata kwa muda usiofika miezi mitatu katika mwaka mzima. Hao ndio wenye klasta sugu, na wanastahili daktari bingwa tangu mwanzo.

Mbona watu hawaujui?

Kwa sababu wenye nao ni wachache, takriban mtu 1 katika 1,000. Jiji la Tanga lina watu wanaokaribia laki nne. Hata ukiipunguza hesabu hiyo kwa nusu, wanabaki watu mia mbili humu humu mjini, na mimi nawajua saba. Wengine wako wapi? Wako majumbani wanameza Panadol usiku wa manane, wanaambiwa wana mawazo mengi.

Si ugonjwa mpya. Daktari Wilfred Harris wa London aliueleza mwaka 1926, na Bayard Horton wa Marekani mwaka 1939. Wanaume huupata zaidi ya wanawake, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Lakini wanawake wanaupata pia, na wao ndio huambiwa upesi kwamba ni kipandauso.

Kwani si kipandauso?

Hapana, ingawa vyote viwili hupenda upande mmoja. Mwenye kipandauso anataka kulala gizani asiguswe wala asisemeshwe, na maumivu yake yanaweza kudumu saa nne hadi siku tatu. Mwenye klasta hawezi kulala chini hata ukimlipa. Mimi nikishikwa, natoka uani, nazunguka kisima, narudi, natoka tena. Kuna nguzo ya mti imeshikilia banda la jiko letu. Upande mmoja imekuwa laini, inang'aa, kwa jinsi ninavyoisugua kwa paji la uso miaka yote hii. Mke wangu alipomwambia daktari habari za nguzo ile, daktari aliweka kalamu chini akaanza kuuliza upya. Kutotulia ni dalili, itaje.

Nimepimwa malaria, nimetibiwa sainasi, nimeng'olewa jino. Bado kinauma.

Pole sana. Njia hiyo nimeipita yote. Huku kwetu Pwani kichwa kikiuma wa kwanza kushukiwa ni malaria, na ni sawa kupima. Kosa ni kumeza dawa mseto wakati kipimo kimeonyesha huna malaria, kisha kuimeza tena mwezi ule ule. Mimi nilifanya hivyo mara tatu. Halafu nikaambiwa ni sainasi, kwa sababu pua ilikuwa imeziba, nikanywa antibayotiki. Mwisho niliingia kliniki moja ya meno nikiwa nimeshika shavu, nikatoka nimeng'olewa gego la juu kushoto. Nililichukua nyumbani kwenye karatasi. Lilikuwa zima, jeupe, halina hata kitundu. Usiku ule ule saa saba kasoro kichwa kikarudi.

Neva inayobeba hisia za jicho, paji, pua na meno ya juu ni moja, inaitwa trijemina. Ikiwashwa, jino linaweza kuuma bila kuwa na kosa. Kwa hiyo kabla hujakubali koleo, uliza: maumivu haya yana saa zake? Jicho linatoa machozi? Jino bovu haliumi saa moja na nusu likaacha, likarudi kesho dakika ile ile.

Kwa nini kije saa ile ile?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Ndiyo inayoshika saa ya mwili: usingizi, njaa, joto. Mwaka 1998 watafiti wa London walipiga picha za ubongo wa watu wakiwa katikati ya shambulio, wakaiona sehemu hiyo ikifanya kazi kupita kawaida. Ndiyo maana kichwa hiki kina ratiba kama meli ya abiria. Wengi kinawaamsha saa moja au mbili baada ya kupitiwa na usingizi. Wengine msimu wao huja wakati ule ule wa mwaka. Wangu huja kaskazi ikianza kuvuma.

Nimweleze vipi daktari, maana nikifika kimeshaacha?

Hapa nataka unisikilize sana. Ugonjwa huu unakuumbua. Unalia usiku mzima, asubuhi unafika hospitali umetulia, presha nzuri, macho meupe, na aliye mbele yako anaona mtu mzima anayetaka ruhusa ya kazini. Ushahidi wako ni daftari. Nunua daftari dogo la shule, lifunge kalamu kwa uzi, liweke chini ya mto. Ukurasa wangu mmoja unasema hivi:

"12 Desemba. Nimelala 4:50 usiku. Kimeanza 6:40. Kimeacha 7:55. Kushoto. Jicho jekundu, machozi, pua ya kushoto imeziba. Nimetembea. Panadol mbili, hazikusaidia."

Kurasa kumi za namna hiyo zilifanya kazi ambayo miaka sita ya kujieleza haikuifanya. Mwambie pia mwenzako akupige picha ya uso au video fupi wakati wa shambulio, macho yote mawili yaonekane, ili kope iliyolegea na jicho jekundu vilinganishwe na upande wa pili. Utaona haya, lakini piga.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa. Kwa mkoa wetu hospitali ya rufaa ni Bombo, na wakikuona unahitaji bingwa wa mishipa ya fahamu, Muhimbili ipo Dar es Salaam na KCMC ipo Moshi. Daktari anaweza kutaka picha ya ubongo angalau mara moja. Usiogope, ni kuhakikisha hakuna uvimbe unaojifanya klasta.

Lini nisingoje daftari, nikimbie hospitali?

Kichwa kikipasuka ghafla, ndani ya dakika moja kikawa kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata. Kikija na homa na shingo kukakamaa. Mkono au mguu ukilegea, mdomo ukipinda, maneno yakigoma kutoka. Ukiwa umeanguka au umegongwa. Ukiwa umepita miaka 50 na hujawahi kuumwa hivi. Na jicho jekundu lenye maumivu, huku ukitapika, unaona ukungu au duara za rangi kuzunguka taa: hiyo huenda ni presha ya jicho, na jicho linaweza kupofuka kwa siku moja. Pia shambulio la kwanza kabisa maishani, usilipe jina mwenyewe.

Panadol, diklofenaki au tramadoli zinasaidia?

Hapana. Kidonge kikianza kufanya kazi shambulio limeshakwisha lenyewe, na wewe unadhani ni kidonge. Ukivimeza kila siku utaharibu tumbo na figo, na unaweza kujiongezea kichwa kingine kinacholetwa na dawa zenyewe.

Ni kweli oksijeni inatibu?

Ni kweli. Mara ya kwanza nilipoivuta nililia, si kwa maumivu. Dakika ya nane nilihisi kitu kinaachia nyuma ya jicho, kama kamba ya ngalawa inavyolegezwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha oksijeni na hewa ya kawaida: kwa oksijeni, maumivu yaliisha au kupungua vya kutosha ndani ya dakika 15 katika mashambulio 78 kwa kila 100. Kwa hewa ya kawaida ni 20.

Lakini lazima itolewe inavyotakiwa, na hapa ndipo wengi wanapokosea wakasema haifanyi kazi. Iwe oksijeni tupu, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko inayobana uso vizuri. Vile vimirija viwili vya puani vyenye lita mbili au tatu havitoshi. Mashine ndogo ya nyumbani inayotengeneza oksijeni, nayo kwa kawaida haifiki kiwango hicho. Kaa kwenye kiti, inama kidogo mbele, pumua taratibu kwa kina, dakika 15 hadi 20 bila kuivua. Anza mara tu unaposikia dalili ya kwanza. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu amwambie daktari kwanza.

Ukitaka mtungi wa nyumbani, unahitaji cheti cha daktari kinachotaja lita kwa dakika na aina ya barakoa. Hesabu yake ni nyepesi: lita 15 kwa dakika 15 ni lita 225 kwa shambulio moja. Muulize muuzaji mtungi una lita ngapi, gawanya, utajua utakulinda siku ngapi.

Jirani ni fundi wa kuchomelea, ana mtungi wa oksijeni. Niuazime?

Usiuazime. Najua saa saba usiku utaona sawa tu. Mtungi wa kuchomelea haukuandaliwa wala kupimwa kwa ajili ya mapafu ya mtu, hujui ndani umepitia nini, na kifaa chake cha kupunguza msukumo hakijatengenezwa kwa barakoa.

Hata wa hospitali ukiwa nao ndani, nyumba inabadilika. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini inakifanya kinachowaka kiwake kwa hasira. Jiko la mkaa, sigara, mshumaa, chetezo cha udi, vyote vikae mbali. Kwetu udi huchomwa kila Alhamisi jioni. Tulikubaliana na mama watoto kwamba msimu ukiingia chetezo kinakaa barazani kwa bibi. Na usishike koki ya mtungi kwa mikono yenye mafuta ya nazi au ya kupaka. Osha, kausha, ndipo ufungue. Mtungi usimame umefungwa kwa mnyororo ukutani, watoto wasiuangushe.

Kuna dawa gani nyingine ya kuzima shambulio?

Sumatriptani ya sindano, 6 mg chini ya ngozi. Wengi huwapa nafuu ndani ya dakika 15. Zisizidi mbili ndani ya saa 24. Kuna ya kupulizia puani pia, ya taratibu kidogo. Ya vidonge inachelewa mno kwa ugonjwa huu. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa haruhusiwi, kwa sababu dawa hii inabana mishipa ya damu. Isichanganywe na dawa zenye ergotamini. Ulizia mapema inapatikana wapi. Usisubiri usiku wa shambulio ndipo uanze kuzunguka na bodaboda.

Na za kuzuia kisije kabisa?

Hizi ndizo zinazorudisha maisha, kwa sababu mtu hawezi kuishi anakimbilia mtungi mara nne kwa siku.

Ya kwanza ni verapamili. Ni dawa ya presha na moyo, ila kwa klasta dozi yake huwa kubwa kuliko ya presha, hata muuza dawa akikushangaa usishangae. Kwa kawaida huanza 80 mg mara tatu kwa siku, halafu daktari huongeza kidogo kidogo kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Wengine hufika 480 mg kwa siku, wachache zaidi ya hapo. Kabla ya kuanza, na kila dozi inapopandishwa, unapimwa umeme wa moyo, maana dawa hii inaweza kuchelewesha mapigo. Kipimo hicho hakiumi na kinaisha kwa dakika chache. Usikubali kupandishiwa dozi bila hicho.

Mambo matatu nimejifunza. Kwanza, choo kinakuwa kigumu: maji, papai, mboga. Pili, balungi limekatazwa, maana linaipandisha dawa kwenye damu. Kwa sisi tunaoletewa malimao, machungwa na mabalungi ya Muheza kwa gunia, inabidi kuangalia kilichomo kwenye jagi la juisi. Chungwa la kawaida halina neno. Tatu, kama ulipewa propranololi au atenololi kwa presha au kipandauso, mtajie daktari kabla ya kumeza verapamili. Zikikutana zinaweza kuushusha moyo mpaka mtu azimie.

Verapamili inachukua siku kadhaa hadi wiki kukolea. Katikati hapo daktari anaweza kukuvusha kwa prednisoloni. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2021 ulitumia ndugu yake, prednisoni, 100 mg kwa siku tano, kisha ikapunguzwa 20 mg kila siku tatu. Inazima haraka, na ndiyo hatari yake, kwa sababu mtu akionja nafuu ile anarudi dukani kujinunulia. Usifanye hivyo. Inapandisha sukari, inachoma tumbo, inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na ukiirudiarudia inaweza kuua mfupa wa nyonga. Njia nyingine ya kuvuka ni sindano nyuma ya kichwa, karibu na kisogo, upande unaouma. Nimechomwa mara moja. Inauma kidogo, nikapata siku kumi na nane za kimya.

Litiamu na topirameti zipo kwa wale ambao verapamili imewashinda. Litiamu inataka damu ipimwe mara kwa mara, pamoja na figo na tezi la shingo. Marekani waliidhinisha sindano ya galkanezumabu mwaka 2019 kwa klasta ya misimu. Nakutajia ujue ipo.

Niache kula nini?

Kwa chakula, hakuna orodha ya kukutesa. Kinachojulikana wazi ni pombe, na ni ndani ya msimu tu. Bia au tembo la mnazi, glasi moja, kichwa kinafika ndani ya saa moja. Nje ya msimu mtu yule yule anakunywa na hakuna kinachotokea, ndiyo maana wengi hawaamini. Vidonge vya nitrogliserini vinavyowekwa chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua navyo huamsha shambulio.

Harufu kali pia: petroli, rangi, thina, manukato mazito. Mimi msimu ukiingia kazi ya vanishi nampa kijana wangu, anaifanyia nje kwenye upepo, mimi nakaa kwenye randa. Usingizi wa mchana nao umenipiga mara nyingi. Sigara iache kwa ajili ya moyo na mapafu. Wengi wenye klasta ni wavutaji, lakini kuacha si ahadi kwamba kichwa kitaisha.

Ramadhani inakuwaje?

Mwaka msimu ukiangukia Ramadhani, zungumza na daktari mapema kuhusu dawa za kumeza mara moja au mbili, na shekhe wako kuhusu sindano na oksijeni. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kufunga siku nyingine, imo katika Suratul Baqara, aya ya 184. Kinachonisumbua mimi zaidi si njaa, ni kulala baada ya alfajiri. Nikipitiwa tu, kimefika. Siku hizi nikishaswali nafungua karakana.

Wazee wanasema ni jini. Nimepewa kombe, nimepigwa chuku.

Sitamvunjia heshima mzee wa mtu. Dua nimeombewa, na nguvu ya kuvumilia niliipata. Ila jua hili: shambulio linazimika lenyewe, na msimu unaisha wenyewe, kwa hiyo chochote ulichofanya siku ya mwisho kitaonekana ndicho kilichotibu. Chuku ziwe na wembe safi wa peke yako. Dawa za kutia puani au machoni zisizojulikana, kataa. Kaa na dua yako, na oksijeni yako.

Sisi tulio naye nyumbani tufanye nini?

Msimguse, msimwambie atulie, msimwulize maswali. Mwekeeni njia: viti viondolewe, mlango wa uani ufunguliwe, maji baridi na kitambaa viwe karibu. Mmoja afungue mtungi na kuangalia saa. Asiendeshe pikipiki wala gari mpaka limepita.

Na hili naliandika kwa uzito. Maumivu haya yamewafanya watu watamani kufa ili yaishe. Ndugu yako akisema neno la namna hiyo, msimcheke wala msimkaripie. Mkae naye, msimwache peke yake hata dakika moja, mwondoe kamba, sumu na visu, mkampeleke hospitali usiku ule ule, na daktari aambiwe maneno yenyewe aliyoyasema. Na wewe unayesoma ukiwa katika hali hiyo: mwamshe mtu sasa hivi. Mimi niliwahi kumwamsha kaka yangu saa nane usiku, tukakaa barazani bila kusema kitu mpaka adhana ya alfajiri.

Msimu ukiisha niache dawa?

Usiache siku ile ile. Mimi daktari alinibakiza kwenye dozi kamili wiki mbili baada ya shambulio la mwisho, kisha akaishusha kidogo kidogo, na nilipohisi mchomo mdogo nyuma ya jicho tulisimama hapo kwa muda. Dawa ikiisha, naandika tarehe ya shambulio la mwisho kwenye jalada la daftari. Mtungi naurudisha kujazwa wakati huo huo, nikiwa mzima na nina nguvu za kuubeba, halafu naweka alama kwenye kalenda wiki ya kwanza ya Novemba: kwenda kupima umeme wa moyo.